Rezo ikikufa nyumbani, ni nani anashitakiwa kwanza?

UVIRA, Kivu ya Kusini. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna siku hizi kisanduku kidogo chenye taa ambacho kila mtu anakiangalia akipita, sawa vile zamani watu waliangalia saa ya ukutani. Ni modemu. Ndani yake mnaingia kadi ya simu, mega zinanunuliwa mara moja kwa ajili ya nyumba yote, kisha kila mmoja anachota: mwanafunzi, mfanyabiashara, mama anayetafuta sauti ya bwana yake. Taa zikiwaka vizuri, hakuna anayekumbuka kisanduku hicho. Taa zikibadilika, kesi inaanza.

Na kesi hizo zimekuwa nyingi tangu mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Bukavu na Kamanyola, na watu wakateremka kwa miguu na kwa magari kwenye barabara ya Luvungi na Sange mpaka hapa. Wahami wengi walipokelewa na ndugu zao. Nyumba ya watu saba ikawa ya watu kumi na wawili. Kuhusu maji, chakula na choo, wakaaji wa Uvira wanajua kuongea na kupatana, maana vita hivi si vya kwanza. Kuhusu rezo ya nyumbani, hakuna aliyefundishwa namna ya kuongea. Ndiyo sababu habari ya nyumba moja ya kata ya Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, inafaa kusimuliwa, bila kutaja majina ya wenyewe.

Mwenye nyumba ni mwalimu wa sekondari. Mke wake anauza ndagala sokoni. Wana kijana wa miaka 22 anayesoma chuo kikuu na watoto wengine wanne. Mwezi wa pili mwalimu alipokea dada yake mdogo, aliyetoka Kamanyola na watoto wanne, mkubwa wao mvulana wa miaka 13. Bwana ya dada huyo hakufika Uvira. Alikuwa na mama yake mzee asiyeweza kutembea mbali, basi akavuka naye mto Ruzizi, na sasa wako katika kambi ya Musenyi, kusini-mashariki ya Burundi. Wageni walipewa chumba cha nyuma, kile cha mbao na mabati kilichojengwa uani.

Huko kambini, baba huyo anachajisha simu yake kwa mtu mwenye paneli ya jua, na analipa. Kwa hiyo hawashi simu kila siku. Walipatana na mke wake: siku ya tatu na siku ya posho, kati ya saa moja na saa mbili ya jioni. Katika saa hiyo moja anasikiliza sauti za watoto, anatuma yake, anazima. Mama akikosa saa hiyo, anangoja siku tatu ao nne.

Modemu ya nyumba iko sebuleni. Inatumikia simu za wenyeji, kompyuta kubwa ya zamani, kompyuta ndogo ya kijana, na printa. Kijana anapiga chapa barua na CV za majirani wanaotafuta kazi katika mashirika, na pesa hizo zinasaidia kulipa minervali ya wadogo zake. Kwa wengine rezo ni mchezo; kwa nyumba hii ilikuwa sehemu ya mkate.

Mwezi wa tano kijana aliona kwamba simu ya shangazi yake haishiki rezo katika chumba cha nyuma. Hilo si ajabu: mabati yanarudisha mawimbi ya rezo, na mtu akikaa ndani ya kuta za mabati ni kama amekaa ndani ya sanduku. Akanunua sokoni ruta moja iliyokwisha kutumika, akavuta waya kutoka kwenye modemu, akaupitisha chini ya dirisha mpaka uani, akaifunga ruta kwenye nguzo ya chumba cha wageni. Siku hiyo shangazi alimbariki. Watoto walisikia sauti ya baba yao wakiwa kitandani.

Juma lililofuata, mambo yakaharibika.

Mwanzoni ilikuwa printa. Asubuhi inachapa, mchana kompyuta inasema haiioni. Kisha simu zikaanza kuandika kwamba zimeunganishwa lakini hakuna intaneti. Simu ya mama inaenda, ya binti haiendi. Baada ya nusu saa inakuwa kinyume. Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: taa za modemu zinazimika zote, zinarudi, zinazimika tena. Na mega, ambazo zamani zilifikisha mwisho wa mwezi, zikawa zinakwisha tarehe 20.

Kijana alifanya vile kila mtu anafanya. Alizima akawasha. Alichomoa waya akarudisha. Alibonyeza kwa sindano kile kitundu cha nyuma kinachorudisha modemu katika hali yake ya dukani, akaanza kuandika upya kila kitu. Rezo ikarudi, akafurahi. Baada ya saa mbili ikapotea. Mtu aliyewahi kufukuzana na ubovu wa namna hiyo anajua uchungu wake: kitu kikibaki kimekufa, utakitafuta, lakini kikifufuka chenyewe bila kusema kilikuwa na ugonjwa gani, unabaki bila la kushika. Usiku kijana alikuwa anaketi mbele ya modemu na tochi ya simu mdomoni. Akipewa chakula anasema, "Mungoje kidogo." Chakula kinapoa.

Majirani kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alisema kampuni ya simu ndiyo inaiba. Wa pili alisema kompyuta ina virusi. Wa tatu, mzee anayekaa karibu na barabara ya mpaka, alisema: "Ni Burundi inavuta rezo yetu." Wakamcheka.

Siku moja muuguzi jirani, yeye pia mhami, alileta barua ya kuomba kazi katika shirika moja. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita ya usiku huo. Kijana aliiandika vizuri, akaifunga pamoja na diploma zake, akabonyeza kutuma. Haikuenda. Alijaribu kutoka saa kumi na moja mpaka saa mbili. Muuguzi akachukua karatasi zake, akapanda pikipiki usiku kwenda kuamsha mtu wa saiberi katikati ya mji. Alituma imebaki chini ya saa moja. Hakusema neno baya. Lakini tangu siku hiyo, kazi zake amezipeleka pengine.

Ni usiku ule mke wa mwalimu alisema mbele ya watu wote: "Tangu hawa watoto wafike, rezo haina amani." Hakutaja mtoto. Hakuwa na haja. Kwa ukuta wa mbao, aliyekuwa uani alisikia.

Kesho yake mama mgeni alianza kuwaita watoto wake watoke nje kila mara mtu anapoingia sebuleni. Mvulana wa miaka 13 alikatazwa kusogelea meza. Simu ilifungwa ndani ya kitenge, ikawa inatolewa siku ya tatu na siku ya posho tu. Na siku hizo, saa moja ya jioni ikifika, simu inaandika: imeunganishwa, hakuna intaneti. Siku ya tatu ya kwanza, hivyo. Siku ya posho, hivyo. Juma la pili, hivyo. Juma la tatu, hivyo. Mara moja, saa nne ya usiku, ujumbe wa baba uliingia peke yake, wa siku mbili nyuma: "Mama watoto, kama kuna mtu amekufa, muniambie tu."

Alipousikia, mama huyo alikwenda mwenyewe kwa fundi.

Fundi huyo si mtu wa kompyuta kwa asili. Ni mzee aliyetengeneza maredio maisha yake yote, na miaka mingi alihudumia mitambo ya kituo cha redio. Alikuja siku ya pili, saa kumi na mbili ya jioni, na mkoba wa ngozi, akaomba vitu viwili: kiti na karatasi. Kijana alitaka kumfungulia kompyuta. Akakataa. "Usiguse kitu. Na mukigusa, muguse kimoja tu, kisha mungoje. Mukigusa viwili mara moja, hata ikipona hamutajua ni dawa gani imeponya."

Kwenye karatasi aliandika mistari minne: umeme, njia ya nje, njia ya ndani, mashine yenyewe. Akaeleza kwamba intaneti inafika kwenye simu ya mtu kwa kupita vituo hivyo kwa zamu, na ubovu unatafutwa kituo kwa kituo kutoka mwanzo. Anayerukia kituo cha mwisho anapoteza usiku wake.

Kisha akaketi kuangalia taa, na saa yake mkononi.

Kituo cha kwanza kilijifunua chenyewe. Saa moja kasoro robo, wakati nyumba nyingi za mtaa zinawasha taa na majiko, balbu ya sebuleni ilififia ikawa ya rangi ya chungwa, na modemu ikazimika, ikawaka. Baada ya dakika tisa, tena. Wakaaji wa Uvira wanaujua umeme huu unaotoka katika mabwawa ya Ruzizi: hata usipokatika, jioni unachoka. Balbu inavumilia kwa kufifia. Modemu haifahamu kufifia. Nguvu ikishuka chini ya kiasi chake inaanza upya, na kila kuanza upya kunachukua dakika kadhaa. Fundi alisoma maandishi ya chini ya modemu: volti 12. Akaiondoa kwenye umeme wa ukutani, akaitia kwenye betri ndogo ya paneli ya jua iliyokuwa ya taa za usiku, kupitia kifaa kidogo kinachoshikilia volti 12 zisipande wala zisishuke. Taa zikatulia. Akaandika kwenye karatasi: kimoja.

Akangoja. Taa zimewaka zote, lakini intaneti haipiti. Aliandika kwenye kompyuta ndogo ya kijana namba 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mashine za Google zinazojibu mtu yeyote anayezigongea. Hazikujibu. Akafafanua: kama zingejibu lakini kurasa hazifunguki, ubovu ungekuwa katika kutafsiri majina ya kurasa kuwa namba. Kwa kuwa hakuna jibu lolote, njia ya nje ndiyo imefungwa. Akafungua ukurasa wa modemu yenyewe, sehemu inayoonyesha imeshika mnara gani. Kila nchi ina namba yake katika minara ya simu. Kongo ni 630. Modemu ilikuwa inaonyesha 642. Hiyo ni Burundi.

Mzee wa barabara ya mpaka hakuwa amekosea sana. Modemu ilikuwa imewekwa kwenye dirisha la mashariki, linaloelekea Gatumba, na mnara wa ng'ambo ulifika pale kwa nguvu kuliko wa hapa. Wa hapa akilegea, modemu inatafuta mwenye sauti kubwa. Inamshika, inawasha taa zake zote kwa furaha, lakini kadi ya Kongo haina ruhusa ya kutumia intanеti huko, basi hakuna kinachopita. Fundi aliingia katika mipangilio, akaondoa kuchagua mnara kwa yenyewe, akachagua kampuni ya hapa kwa mkono. Kisha akahamisha modemu mbali na dirisha hilo.

"Hapa dirishani, modemu ilifika lini?" akauliza.

Kimya. Kijana alisema yeye aliiacha mezani. Mke wa mwalimu aliangalia mlango wa uani. Fundi akaweka kalamu chini. "Musikilize. Miye siko polisi. Nahitaji kujua kila mutu aligusa nini na siku gani, basi. Bila hiyo nitatafuta mpaka Noeli."

Mvulana wa miaka 13 alisema kutoka mlangoni: "Ni miye, Babu." Alieleza kwamba jioni mama yake alikuwa anakosa rezo, akafikiri dirishani itapata hewa. Kila siku ya tatu na siku ya posho alikuwa anaingia kimya na kuisogeza. Siku nyingine aliirudisha, siku nyingine alisahau. Mama yake alishika kichwa. Fundi aliandika tu: modemu dirishani, siku ya tatu na siku ya posho.

Kijana naye akasema ya ruta. Fundi akaenda uani kuiangalia, na hapo akagundua kituo cha tatu. Modemu ilikuwa inajiita 192.168.1.1. Ruta ya sokoni nayo, tangu kiwandani, inajiita 192.168.1.1. Na zote mbili zilikuwa zinagawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumba hiyo hiyo. Aliwaelezea kwa mfano ambao hakuna mtu wa Uvira asiyeuelewa: machefu wawili wa avenyu moja, wenye jina moja, kila mmoja anauza viwanja na kuandika karatasi. Mtu wa kwanza ana namba tano, na mtu wa pili ana namba tano. Barua ya namba tano itafika kwa nani? Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiyo sababu printa ilikuwa inapotea: kuna simu iliyopewa anwani yake. Na simu iliyochukua anwani kwa chefu wa uani ilikuwa inamwomba yeye njia ya kwenda nje, na yeye mwenyewe hana njia.

Dawa yake ilichukua dakika kumi. Ruta ikapewa jina lingine, 192.168.1.2, na kazi ya kugawa anwani ikazimwa ndani yake. Ikabaki kuwa mtumishi tu wa kupeleka rezo uani. Chefu akabaki mmoja. Printa ikapewa anwani ya kudumu ambayo hakuna simu itakayopewa.

Hapo kijana akasema neno lililomshangaza fundi. "Lakini Babu, leo nyuma kulikuwa na rezo kidogo tangu saa moja. Siku zote saa hii hakuna kabisa. Hata ile mbovu hakuna."

Fundi aliangalia karatasi yake. Modemu kuwa dirishani hakuelezi hilo, maana ni siku mbili tu za juma. Umeme kuchoka hakuelezi, maana modemu inarudi baada ya dakika chache. Machefu wawili hawaelezi, maana ubovu wao unaruka huku na kule, hauchagui saa wala chumba. "Kila jioni, nyuma peke yake," akasema. "Hiyo si mashine. Mashine haijui saa moja."

Mwalimu alikuwa ameketi karibu na pazia muda wote huo, bila kusema. Ni mtu wa kusahihisha vitabu vya watoto usiku, na kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi. Aliinuka, akainua pazia, akaonyesha waya unaokwenda uani. "Ni miye," akasema. "Nilikuwa nautoa saa moja, naurudisha saa nne. Mega zilikuwa zinakwisha. Niliona watoto ni wengi."

Hakuna aliyejibu. Kijana, ambaye alipoteza usiku zaidi ya kumi na tano kutafuta ubovu huo, aliangalia chini. Dada ya mwalimu alikuwa amesimama uani, na kwa mara ya kwanza katika habari hii ukuta wa mbao haukuhitajika ili asikie. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, ungeniambia. Ningekuambia ni saa moja tu mara mbili kwa juma."

Ingefaa mambo yaishie hapo, lakini fundi alikuwa na mstari wa nne. Alitaka pia kujua mega zilikwenda wapi, kwa sababu mtu ameshitakiwa kwa ajili yake. Alifungua katika kompyuta ndogo ya kijana ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Juu kabisa haikuwa sauti wala picha. Ni kompyuta yenyewe, iliyokuwa ikijishushia marekebisho ya programu zake kimya kimya kila inapoachwa wazi usiku, yaani usiku wote ule kijana alipokuwa akiitumia kutafuta ubovu. Kisha wakaangalia simu iliyofungwa katika kitenge. Ilikuwa imetumia kidogo sana kuliko zote za nyumba. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mwepesi. Video moja ya mpira inameza jumbe nyingi za namna hiyo. Fundi alionyesha kompyuta kwamba rezo hii ni ya kupimwa, isishushe kitu bila kuulizwa. Mke wa mwalimu aliangalia namba zile mara mbili. Kisha akaenda jikoni akaleta chai, akaanza na wifi yake. Katika nyumba hiyo neno hilo lina maana mbili sasa, na watoto hawakosi kulichekea.

Ikabaki kompyuta kubwa ya zamani. Zote zinakwenda, yenyewe inakataa kufungua karibu kila ukurasa na kuandika kwamba si salama. Kijana alikuwa tayari kuanza kulia. Fundi aliangalia pembe ya chini ya skrini: tarehe 1, mwezi wa kwanza, 2012. Kila kurasa za siku hizi zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kompyuta inayoishi mwaka 2012 inaona vyeti vyote ni vya watu ambao hawajazaliwa. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya mviringo, kama ya saa, inayoshika tarehe umeme ukikatika. Ilikuwa imekufa. Iliyotiwa mpya ni ya aina ya CR2032, inayopatikana kwa wauza saa. Tarehe ikaandikwa, kurasa zikafunguka.

Fundi aliondoka saa tatu na nusu. Kwenye karatasi kulikuwa na mambo sita: umeme unaochoka, mnara wa ng'ambo, machefu wawili, waya unaotolewa, kompyuta inayojishushia, saa iliyosimama. Hakuna hata moja lililokuwa na nguvu ya kuua rezo ya nyumba peke yake. Yalikuwa yanasaidiana, na kila moja lilifunika alama za jingine. Na ukiyaangalia vizuri, matatu kati ya hayo yalitoka katika mikono ya watu waliotaka jambo jema: kijana alitaka shangazi yake asikie, mvulana alitaka mama yake asikie, mwalimu alitaka mega zifike mwisho wa mwezi. Kila mmoja alitenda kwa siri ao bila kusema, basi kila mmoja akawa ubovu wa mwenzake.

Hilo ndilo linalowahusu wasikilizaji wengi, wenyeji na wahami, ambao leo wanaishi chini ya paa moja. Kitu kikiharibika katika nyumba iliyojaa, jicho linakwenda kwanza kwa aliyefika mwisho. Ni kwa sababu ya mahesabu rahisi: kabla hajaja kilikuwa kizima, amekuja, kimeharibika. Lakini tangu alipokuja, umeme pia ulibadilika, mtu alinunua kifaa sokoni, betri ilizeeka. Mgeni ndiye peke yake anayeonekana, na ndiye peke yake asiyeweza kujitetea bila kuonekana hana shukrani. Kwa hiyo ananyamaza, anafunga simu katika kitenge, na nyumba inaendelea kutafuta ubovu pahali ambapo haupo.

Kupima kituo kwa kituo kunaonekana ni kazi ya mafundi. Katika nyumba ya Kavimvira kulikuwa pia ni njia ya kutomhukumu mtu kabla ya ushahidi. Namba ya mnara haina ukabila, na hesabu ya mega haijui nani mwenyeji na nani mhami. Namba hizo zilimtoa mvulana katika kesi kubwa na kumwachia kosa lake dogo la dirisha, ambalo alilisema mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa siku ya tatu. Saa moja na dakika kumi, katika chumba cha mabati, simu ililia. Baba alianza kwa ukali: juma tatu wamemnyima sauti kwa nini? Mama alijaribu kumweleza habari za mnara wa Burundi na machefu wawili wa avenyu. Hakuelewa, na dakika zilikuwa zinakwenda. Akauliza kama mdogo wa mwisho amekwisha kuota meno. Akaambiwa mawili ya chini.

Rezo ya nyumba hiyo haijapona milele. Mvua kubwa ikinyesha inalegea, na mega bado zinakwisha kabla ya mwezi, ingawa sasa ni tarehe 27. Muuguzi hajarudi na kazi zake. Lakini karibu na modemu kuna daftari moja limefungwa kwa kamba, na yeyote anayegusa waya, kisanduku ao mpangilio anaandika siku, saa, na alichogusa. Mwalimu ndiye aliyelileta kutoka shuleni. Mstari wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake: waya wa uani, usitolewe.